Kutoka Daka hadi Ndani: Msamiati wa Kiamu na Maisha ya Jamii katika Mji wa Lamu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefika Lamu kwa mara ya kwanza aghalabu huuona mji kabla ya kuusikia. Chombo kinapokata mkondo baina ya kisiwa cha Manda na kile cha Lamu, mbele yake hujitokeza msururu wa nyumba za mawe ukingoni mwa bahari, minara ya misikiti, minazi nyuma yake, majahazi yaliyotia nanga, na punda waliobebeshwa magunia ya mchanga wakipita gatini. Mandhari haya ndiyo yanayosifiwa sana katika vijitabu vya watalii. Aidha, yalichangia mji huo mkongwe kuingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hakuna ubaya kuyapenda. Lakini mwanafunzi wa lugha akikomea hapo atarejea chuoni na picha nyingi na maneno machache.

Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya maisha ya jamii ya Lamu imehifadhiwa katika majina ya sehemu za mji na za nyumba, na kwamba majina hayo yamo katika hatari ambayo orodha ya urithi haiwezi kuyakinga. Ukuta ukibomoka hujengwa upya kwa matumbawe na chokaa. Jina lililokosa watu wa kulitumia halina fundi. Maneno yatakayochunguzwa ni machache: mui, mtaa, daka, baraza, kiwanda, sabule na ndani. Mengine yatatajwa kwa kupitia tu.

Mui si mji

Kabla ya yote, msomaji akumbuke baadhi ya sifa za kifonolojia za Kiamu. Pale Kiswahili sanifu kinapokuwa na /j/, Kiamu aghalabu huwa na /y/ au hakina konsonanti kabisa: juu huwa yuu, maji huwa mai, mji huwa mui. Mfuatano wa /nj/ huwa /nd/, kwa hiyo njia ni ndia na njoo ni ndoo. Sauti /ch/ katika maneno mengi huwa /t/: chini ni tini, macho ni mato. Kiambishi vi- nacho huwa zi-, hivyo vitu ni zitu. Barabara kuu ya mji wa kale, inayokwenda sambamba na ufuo, huitwa Usita wa Mui, yaani njia ya mji.

Hata hivyo, tofauti ya mui na mji si ya sauti pekee. Katika matumizi ya sasa nchini Kenya, mji ni mahali penye maduka, ofisi, benki na stendi ya magari. Mji hupimwa kwa ukubwa, na ukikua hupandishwa cheo kuwa manispaa au jiji. Kwa kipimo hicho Lamu ni mji mdogo sana. Viko vituo vya biashara bara vyenye watu wengi kuliko huo ambavyo hakuna anayevitungia wimbo. Lakini mui haupimwi kwa idadi ya watu. Mui ni watu waliokubali kukaa chini ya taratibu moja: wana msikiti wa Ijumaa, wana makaburi yao, wana mitaa inayojuana kwa ukoo, wana wazee ambao neno lao husikizwa. Kwa sababu hiyo kinyume cha mui si kijiji. Kinyume chake ni shamba, yaani minazi na miembe iliyoko nyuma ya mji, na ardhi ya bara ng'ambo ya maji inakolimwa mahindi na mpunga.

Mtu wa mui alitarajiwa kuwa na uungwana. Neno hili hutafsiriwa kwa wepesi kuwa adabu njema, na kweli linahusu usemi, mavazi, mwendo na kujizuia. Ila wanafunzi wengi hulisafisha kupita kiasi. Uungwana ulikuwa na kinyume chake, nacho kilikuwa utumwa. Hadi utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, aliyelima shamba la mwenzake kwa kulazimishwa hakuhesabiwa kuwa mwungwana, hata kama alilala ndani ya mji na kuswali humo. Anayelitumia neno hilo leo kusifu ukarimu wa watu wa pwani na ajue limebeba mizigo yote miwili.

Historia ya kuundwa kwa mui ni ndefu na imeandikwa kwingine, hivyo hapa itatosha muhtasari. Khabari za Lamu, masimulizi ya Shaibu Faraji al-Bakari yaliyochapishwa na William Hichens mwaka 1938, yanaeleza juu ya makazi mawili ya awali, Hidabu na Weyuni, yaliyopigana kisha yakaungana. Uwili huo haukuisha. Ulizaliwa upya katika makundi mawili ya Zena na Suudi, ambayo wazee wake walitawala kwa zamu, wakikutana katika baraza la mji lililoitwa yumbe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Waamu waliwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, kisha wakajiweka chini ya himaya ya Sayyid Said wa Oman. Ngome iliyokamilishwa miaka hiyo bado ipo katikati ya mji. Ilitumiwa kama gereza hadi mwaka 1984, na sasa ni sehemu ya makumbusho.

Mitaa miwili na maulidi moja

Mji umegawanyika katika mitaa mingi midogo, lakini mgawanyo unaotajwa na kila mtu ni wa Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini. Majina yote mawili yana kiambishi tamati -ni cha mahali. Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi, na Mkomani ni penye mkoma. Langoni ni penye lango. Jina hili la pili linastahili kutafakariwa. Lango ni mahali pa kuingilia, na katika historia Langoni ndiko walikokaa wengi walioingia: Wangazija, Wahadhrami, Wabajuni, na vilevile wazao wa watumwa walioachwa huru. Nyumba za mawe zenye majina ya kifahari zilikuwa zaidi Mkomani. Langoni kulikuwa na nyumba nyingi za udongo na makuti.

Hapo Langoni ndipo alipofanyia kazi yake Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaja Lamu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Aliwafundisha dini watu ambao milango ya elimu ilikuwa imefungwa mbele yao, wakiwemo wale walioitwa watumwa. Msikiti na chuo cha Riyadha vilivyotokana na juhudi zake vikawa kitovu cha masomo ya Kiislamu kilichovuta wanafunzi kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Aliingiza pia maulidi ya al-Habshi, yanayosomwa kwa kuimba pamoja na kupiga matari. Baadhi ya wanazuoni walilipinga jambo hilo vikali, wakiuliza imekuwaje ngoma kusikika penye ibada. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na mjadala wenyewe umebaki katika kumbukumbu za wasomi.

Leo Maulidi ya Lamu, yanayofanyika kila Mfungo Sita, ndiyo siku kubwa ya mji mzima. Wageni hufika kwa mabasi na majahazi. Kuna mashindano ya punda, ya kuogelea na ya mashua, ngoma ya goma inayochezwa na wanaume waliojipanga safu wakiwa na bakora, na katika usiku mkuu usomaji wa maulidi mbele ya Riyadha. Kwa mwanaisimujamii, linalovutia ni mabadiliko ya fasili. Sherehe inayowakilisha mui machoni pa wageni haikuzaliwa katika nyumba za wenye mui. Ilitoka langoni. Kwa hiyo neno mui lenyewe limepanuka. Watu ambao babu zao hawakuhesabiwa sasa ndio wanaopokea wageni wa mji, na upanuzi huo haukufanywa na kamusi.

Daka na baraza

Nyumba ya mawe ya Lamu humpokea mtu kwa daka. Hiki ni kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta mbele ya mlango mkuu, chenye viti vya mawe kulia na kushoto. Kimofolojia, daka lina ndugu mdogo anayejulikana zaidi, kidaka, yaani tundu la ukutani la kuwekea taa, vyombo au vitabu. Kwa Kiamu wingi wake ni zidaka, na katika nyumba za wakwasi zidaka hupangwa ukuta mzima kwa safu, zikapambwa kwa chokaa iliyochongwa. Uhusiano wa maneno haya mawili unaonyesha jinsi wajenzi walivyoufikiria ukuta. Tundu dogo ukutani hupokea chombo, na tundu kubwa hupokea mtu. Mgeni akiketi dakani, ameshapokewa na nyumba ingawa hajaingia.

Viti hivyo vya mawe ndivyo baraza katika maana yake ya msingi. Neno hili huhusishwa na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutokeza au kujitokeza, na maana hiyo inafaa kwa njia mbili: benchi la jiwe limetokeza ukutani, na mwenye nyumba ametokeza nje akaonekana. Kutoka hapo neno lilianza safari. Kwanza lilihama kutoka kwenye kiti hadi kwa walioketi, ndipo mtu akasema baraza ya fulani imejaa. Kisha likawa mazungumzo yenyewe, halafu mkutano, halafu chombo cha utawala. Leo mwanafunzi wa Nairobi analijua kupitia Baraza la Mawaziri na Baraza la Mitihani, na mwanakijiji wa bara analijua kupitia baraza la chifu.

Safari hiyo ina kichekesho chake. Katika baraza la chifu lililorithiwa kutoka serikali ya kikoloni, raia huketi chini nyasini na mwenye mamlaka husimama mbele yao akitoa amri. Katika baraza ya Lamu mwenyeji na mgeni huketi bega kwa bega juu ya jiwe moja, na hakuna anayesimama isipokuwa muuza kahawa mwenye dele lake. Neno ni moja, mkao ni kinyume. Mhadhiri anayefundisha mabadiliko ya kisemantiki hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Baraza ina kanuni zake ingawa hazikuandikwa. Apitaye ndiye huwasalimu walioketi, wala si kinyume chake. Salamu haikatwi. Huulizwa habari ya mtu, ya nyumbani, ya wagonjwa, na ya safari ikiwa ilikuwepo. Kijana humpisha mzee mahali pa kuketi bila kuambiwa. Maneno makali hayasemwi waziwazi, bali hufumbwa, na anayehusika huachiwa kazi ya kujifumbulia mwenyewe. Hapa ndipo penye siri ya lugha ya baraza. Mtu anayekaa karibu na jirani yake maisha yake yote, katika njia nyembamba ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, hawezi kumudu anasa ya kumtukana. Mafumbo si pambo la usemi tu. Ni njia ya kugombana bila kuhama mtaa.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ni malumbano ya kishairi ya miaka ya 1970 yaliyojulikana kama Kimwondo, yaliyochunguzwa na Assibi Amidu katika kitabu chake cha mwaka 1990. Katika ushindani wa uchaguzi wa bunge, wafuasi wa pande zilizopingana walitungiana mashairi, yakasomwa kwa sauti na kunaswa katika kanda. Kanda hizo zikasikilizwa majumbani na barazani. Watu waliotoka koo zilizooana walitupiana maneno ambayo, kama yangesemwa kwa nathari, yamkini yangevunja ujirani. Miongoni mwa waliotunga alikuwa kijana Mahmoud Ahmed Abdulkadir, aliyezaliwa mwaka 1952, anayejulikana zaidi kwa jina la Ustadh Mau, ambaye baadaye alikuwa imamu na mwoka mikate mjini humo. Mkusanyiko wa mashairi yake ulichapishwa mwaka 2023. Baadhi yake yamekuwa yakisambaa kwa kanda na hatimaye kwa simu za mkononi, kwa hiyo huenda ikasemwa kwamba baraza imehamia mahali pengine. Huenda. Lakini anayesikiliza shairi simuni akiwa peke yake hana mzee wa kando yake wa kumweleza kwamba beti la tatu limemlenga nani.

Kiwanda, sabule, ndani

Mlango ukifunguliwa, mgeni hupita tekani, sebule ndogo ya kupitia ambako mara nyingi ndiko kwenye ngazi, kisha hugeuka. Hapana nyumba ya kale ambayo kutoka mlangoni mtu huona moja kwa moja hadi ua. Ua huo huitwa kiwanda, na hapo mwanafunzi hukwama, kwa kuwa katika sanifu kiwanda ni mahali pa mashine na moshi. Aliyeisikiliza fonolojia hatapotea. Ikiwa njia ni ndia, basi kiwanda cha Kiamu ndicho kiwanja cha sanifu, yaani mahali peupe palipo wazi kwa mbingu. (Wala pasichanganywe na Kiwandeo, jina la kale la Lamu katika ushairi. Hilo ni kiwa, yaani kisiwa, na ndeo, yaani majivuno.)

Mbele ya kiwanda hufuatana vyumba virefu vyembamba: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Wembamba wao hautokani na umaskini. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti imara haina urefu mkubwa, ndiyo maana upana wa chumba aghalabu hauzidi mita tatu. Tajiri angeweza kuongeza zidaka na nakshi, lakini upana alipangiwa na mkoko. Kila chumba kiko juu kidogo kuliko kilichotangulia, hivyo maneno tini na yuu katika majina hayo ni ya kweli kabisa. Anayeingia hupanda kidogo kidogo kuelekea faragha.

Mgeni mwanamume hakupandishwa huko. Aliandaliwa sabule, chumba chenye njia yake ya kuingilia, ili akae siku nyingi bila kukutana na wanawake wa nyumba. Sabule ni jawabu la ujenzi kwa swali gumu la kijamii: mji wa bandari utakuwaje mkarimu kwa mabaharia na wafanyabiashara wanaosubiri upepo ugeuke, na wakati huohuo ulinde sitara ya nyumba zake? Neno sebule katika sanifu limekuja kuwa chumba cha kuketi cha familia nzima, chenye runinga na makochi. Maana ya kumtenga mgeni kwa heshima imeyeyuka.

Na ndani je? Katika sanifu ndani ni kielezi cha mahali. Kwa Kiamu cha nyumba ya mawe ni nomino, jina la chumba cha ndani kabisa, mahali pa mwenye nyumba na mkewe. Hapo sarufi na maisha hukutana kwa namna isiyo ya kawaida, kwa sababu watu wanaohusishwa na chumba hicho, wanawake wa kiungwana, nao waliishi ndani kwa maana zote mbili. Wanawake hao walipotoka nje zamani, walitembea katikati ya shiraa, kitambaa kipana kilichoshikiliwa na watumishi kikawafunika pande zote. Baina ya nyumba na nyumba kulikuwa na wikio, daraja la juu lililovuka njia, ambalo kwalo binti aliyeolewa ng'ambo ya kichochoro angeweza kumfikia mamake bila kukanyaga barabara. Juu ya vichwa vya wanaume walioketi barazani, kwa hiyo, palikuwa na mji mwingine uliokuwa ukitembeleana.

Mji huo wa juu ulikuwa na fasihi yake. Mwana Kupona wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga utendi wake wa mawaidha mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima, na utendi huo ukasomwa na kuhifadhiwa na wanawake wa visiwa hivi kwa vizazi kadhaa. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni katika kisiwa cha Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alikiri kwamba elimu yake ya ushairi aliipata kwa bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, ambaye naye alikuwa malenga. Mtu huyu aliyewapa Wakenya neno runinga, na ambaye hatimaye alikuwa akipigiwa simu na waandishi wa habari kila walipokosa istilahi, alisomea ndani na si barazani. Historia za ushairi wa Kiswahili zinazowataja wanaume wa barazani pekee zimeketi nje ya nyumba na kudhani zimeiona yote.

Lugha, soko na bandari

Nabhany aliiona hatari mapema. Sambo ya Kiwandeo, utendi wake uliochapishwa mwaka 1979, unaeleza uundaji wa chombo cha baharini hatua kwa hatua, ukitaja viungo vya chombo na vifaa vya mafundi kwa majina yake. Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985, unaufanyia mnazi vivyo hivyo. Wapo wahakiki watakaoziona kazi hizi kuwa kavu, zenye orodha nyingi na hisia haba. Hukumu hiyo haikutambua kazi iliyokusudiwa. Nabhany alikuwa akijua kwamba seremala wa jahazi akifariki bila mwanafunzi, majina ya mbao hufa naye, na kwamba Mwamu hukumbuka kilichofungwa kwa vina kuliko kilichoandikwa katika jedwali.

Hakuna aliyeifanyia nyumba ya mawe kazi kama hiyo kwa upana unaostahili. Wasanifu majengo wameipima. Usam Ghaidan aliichora katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1975. Katika kamusi nyingi, lakini, neno la Kiamu likipata nafasi hupewa alama ya lahaja au ya kale. Alama hiyo ya pili haina haki. Neno linalosemwa sokoni asubuhi ya leo haliwezi kuwa la kale kwa sababu tu kamati ya lugha ya mwaka 1930 iliusimamisha usanifishaji juu ya Kiunguja.

Wakati huohuo, wasemaji wenyewe wanahama. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, nyumba nyingi za mawe za Mkomani na za Shela zimenunuliwa na wageni au kugeuzwa hoteli. Wauzaji hawastahili kulaumiwa ovyo. Nyumba ya mawe ni ghali kuitunza, warithi ni wengi, na bei iliyotolewa ilitosha kujenga nyumba za matofali pembezoni na kusomesha watoto. Mnunuzi naye mara nyingi huikarabati kwa uangalifu kuliko ambavyo familia ingeweza. Daka hupakwa chokaa, mlango wa nakshi hupigwa mafuta, na zidaka huwekewa taa za umeme. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi. Daka la nyumba iliyofungwa miezi minane kwa mwaka ni umbo bila kitenzi, na watoto wa mtaa hulipita wasijue kwamba mahali hapo palikuwa na salamu zake.

Ng'ambo ya maji, upande wa bara, kazi ya bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa mwezi Machi mwaka 2012, na gati lake la kwanza likafunguliwa mwezi Mei mwaka 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubaliana na wavuvi waliolalamika kwamba mradi huo ulipuuza haki zao, zikiwemo za utamaduni na mazingira. Uamuzi huo una uzito kwa taaluma ya Kiswahili pia, kwa kuwa mvuvi akihamishwa kutoka mkondo aliouzoea huacha nyuma majina ya miamba, ya pepo na ya mitego. Wasemaji wa Kiswahili cha bara wanaofuata ajira wataingia kwa wingi, kama Wangazija na Wahadhrami walivyoingia zamani, na watapitia langoni. Mui umewahi kuwapokea wengi wakawa Waamu kwa usemi. Safari hii idadi ni kubwa zaidi, na lugha inayokuja nao ndiyo ya shule, ya redio na ya ofisi, hivyo hakuna anayelazimika kujifunza kusema ndia.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hufunga safari za nyanjani kwenda Lamu, na kazi inayoletwa kutoka huko mara nyingi ni orodha ya maneno mia moja yaliyokusanywa gatini na barazani kutoka kwa wazee wa kiume. Orodha hizo zina faida, ila zinarudia zilizotangulia. Sehemu ambayo haijaguswa ni ile iliyoko baada ya msana wa yuu. Wanawake waliozungumza juu ya paa na katika wikio waliitaje mikutano yao? Baraza ni la wanaume wa nje, sasa la ndani lilikuwa na jina gani? Ni mafumbo gani yaliyotumika huko, na yalitofautianaje na yale ya dakani? Watafiti wa kiume, Waafrika kwa Wazungu, wameishia sabuleni kwa karne nzima kwa sababu ndiko walikoandaliwa. Wanafunzi wa kike hawana kizuizi hicho. Wazee wa kike waliokulia katika nyumba za mawe kabla hazijauzwa bado wapo Mkomani, wengine wamehamia kwa wana wao Langoni na Mombasa, na umri wao ni mkubwa.